Kiangazi na viza ya F-1

Mdogo wangu, umeuliza kama mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi huko Marekani, analazimika kusoma kiangazi, na ada nani atalipa. Hulazimiki, kiangazi kwa kawaida ni likizo yako, labda kama ndio muhula wako wa kwanza. Pell Grant (msaada wa ada usiorudishwa) na mikopo ya serikali kuu si ya sisi wa F-1, kwa hiyo ni mfuko wako, tena ada mara nyingi huhesabiwa kwa krediti, yaani vipimo vya uzito wa somo. Mimi ningechukua somo moja chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili), kule nafuu ipo. Ila kabla hujatoa hata senti, mshauri wako wa masomo akuandikie kwamba krediti za huko zitapokelewa na chuo chako. Na ukiona somo limekushinda, liache mapema: kwenye muhula wa wiki 6, siku za kurudishiwa pesa ni chache mno.