Nimeboreka tu, au nimechoka na maisha?

SWALI: Nina miaka 34, kazi ninayo na nyumbani hakuna ugomvi. Lakini yapata miezi miwili sasa kila kitu kinanichosha, hata gitaa nililokuwa nikilipiga kila jioni. Wenzangu wanasema nimeboreka tu, nitafute kitu kipya. Mimi nahisi nimechoka na maisha. Kitaalamu, tofauti ni nini?

JIBU: Ndugu yangu, itafute tofauti kwenye hamu. Aliyeboreka bado anataka, ila hapati cha kushika. Hatulii. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2014, watu waliachwa chumbani peke yao dakika 15, bila chochote ila mawazo yao na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walikibonyeza, ingawa mwanzoni walisema wangelipa pesa ili wasipigwe shoti hiyo. Akili iliyoboreka hudai kitu, hata kiwe kinauma.

Aliyechoka na maisha hadai. Ukimuuliza amechoshwa na nini, hana cha kutaja. Ndiyo maana gitaa lako linanitia wasiwasi kuliko mengine yote uliyoandika. Kutopata tena raha katika ulichokipenda ni mojawapo ya dalili kuu mbili za sonona (ugonjwa wa akili uitwao kwa Kiingereza depression). Ya pili ni huzuni. Mojawapo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huku usingizi, hamu ya kula, nguvu au umakini vikibadilika, mwone daktari. Aangalie na damu pia, kwa sababu upungufu wa damu na tezi ya shingoni isiyofanya kazi vya kutosha huleta uchovu unaofanana na huu. (Kama hamu hurudi ukiwa likizo, ningeshuku zaidi kazi yenyewe.)

Ushauri wa wenzako unamfaa aliyeboreka. Mwenye sonona akiambiwa atafute kitu kipya, akashindwa, hujiona mvivu, na mzigo unazidi. Si uvivu.

Nikuulize waziwazi, maana maneno "nimechoka na maisha" huficha mengi: umewahi kuwaza kwamba heri usingekuwepo, au kujidhuru? Kama ndiyo, usingoje miadi. Mwambie leo hii mtu unayemwamini, asikuache peke yako, na mwende pamoja hospitali.