Unashukia wapi? Kijalizo na chagizo kwa wanaoanza sintaksia

Karatasi yangu ya kwanza ya sintaksia ilirudi na alama 4 kati ya 15. Tulipewa sentensi tano tuzichoree matawi na kuonyesha kijalizo ni kipi na chagizo ni kipi. Nilikuwa nimesoma, wallahi. Lakini nilisoma kwa macho ya Kidato cha Nne: kila nilipokutana na neno lenye -ni mwishoni, au "kwa", au jina la mahali, niliandika chagizo nikasonga mbele. Sasa nasaidia vipindi vya mazoezi, na kila muhula naona kosa lilelile katika mwandiko tofauti.

Shuleni mlifundishwa shamirisho na chagizo, na shamirisho ikagawanywa kipozi, kitondo na ala. Msiitupe elimu hiyo, ila fahamuni kwamba chuoni swali limebadilika. Hatuulizi tena neno hili linaonekanaje au linaeleza mahali au wakati. Twauliza: kichwa cha kirai (neno lake kuu) kinalidai neno hili, au limekuja lenyewe? Linalodaiwa ni kijalizo (wahadhiri wengine husema kikamilisho, ni mamoja). Lililokuja lenyewe ni chagizo. Ndiyo maana "kwa kisu" katika "Alikata mkate kwa kisu", ambayo vitabu vingi vya sekondari huiita shamirisho ala, huku itawageukia kuwa chagizo. Kukata kunadai kinachokatwa. Kisu ni ziada.

Chukueni neno moja, "uani". "Asha alipika pilau uani." "Asha aliweka sufuria uani." Neno ni lile, -ni ni ileile, yote mawili yaeleza mahali. Mtoto wa Kidato cha Nne ataandika chagizo mara mbili. Sasa ongezeni mtu wa pili na maneno "akafanya hivyo":

"Asha alipika pilau uani, na Mwanaidi akafanya hivyo jikoni."

Imekaa sawa. Mwanaidi naye alipika pilau, ila yeye jikoni.

"Asha aliweka sufuria uani, na Mwanaidi akafanya hivyo jikoni."

Hapo sikio linakataa. "Kufanya hivyo" kumekwisha kumeza kuweka pamoja na mahali pa kuwekea, kwa hiyo "jikoni" haina pa kukaa. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vingine, kwa sababu kinafuata mchoro wenyewe. Katika nadharia ya eksibaa (X-bar), inayochora kirai kwa ngazi na ambayo Noam Chomsky aliidokeza mwaka 1970 na Ray Jackendoff akaipanua mwaka 1977, kijalizo hukaa ubavuni pa kichwa: T (yaani kitenzi) na kijalizo chake ni ndugu, mzazi wao ni T-baa, ngazi ya kati ya kirai. Chagizo halifiki huko chini. Lenyewe ni ndugu wa T-baa, na muungano huo unazaa T-baa nyingine juu yake. "Kufanya hivyo" husimama badala ya T-baa, si badala ya T peke yake. Na kwa kuwa kila chagizo huacha T-baa nyingine juu, waweza kuyarundika: Asha alipika pilau jana jioni uani kwa kuni kwa madaha. Jaribu kurundika vijalizo namna hiyo uone kama kitenzi kitakuvumilia.

Wengi hukimbilia kipimo cha kuondoa: neno likiondoka na sentensi ikasimama, basi ni chagizo. Kina faida, lakini kinadanganya. Mtu akikuuliza "Ushakula?" hakutaja chakula, na hakuna atakayesema chakula ni chagizo cha kula. Kimeachwa kwa sababu kinaeleweka. Basi ukiondoa neno, usitazame tu kama sentensi imesimama. Sikiliza maana nayo imebaki ileile. "Anakaa Kisauni" ukiiondoa Kisauni yabaki "Anakaa", sentensi nzima isiyo na kasoro, ila sasa mtu yuko kitini. Makazi yamepotea pamoja na Kisauni. Hicho ni kijalizo, japo hakuna kilichovunjika.

Lakini jambo lililonifungua macho mimi sikulipata darasani. Nilikuwa kwenye matatu, na makanga akaniuliza kama wanavyouliza wote: "Unashukia wapi?"

Zingatieni: hakusema "unashuka". Ukifika, unapiga kelele "Nashuka!" na dereva anasimama. Sentensi imetimia. Jaribu kupiga kelele "Nashukia!" Gari zima litakungojea umalizie. Wapi? Buxton? Sabasaba? Ile -i- moja ya kauli ya kutendea imemfanya kushuka, ambaye hakuwa na deni, awe na deni la mahali. Pahali palipokuwa chagizo pamekuwa kijalizo, na kazi hiyo imefanywa na kiambishi ndani ya kitenzi.

Ni hapo nilipoelewa kwa nini mifano ya vitabu vya Kiingereza ilikuwa ikinichosha. Kule ukishajua kitenzi umejua karibu kila kitu. Kwetu ni lazima ukitazame kitenzi hadi mkiani. "Asha alipika pilau kwa ajili ya wageni": wageni ni chagizo. "Asha aliwapikia wageni pilau": wageni wamesogea hadi ubavuni pa kitenzi, wamepata -wa- yao ndani yake, na wanaweza hata kuwa kiima, "Wageni walipikiwa pilau". Hata mkono wa kulia, ukiuchambua, ni kauli hiyohiyo: mkono ambao mtu hulia chakula. Wazee waliounda jina hilo walijua sintaksia bila kuchora tawi hata moja.

Kwenye kirai nomino mambo ni magumu kidogo, maana kiunganifu -a kinabeba kila mzigo. "Muuzaji wa samaki wa Marikiti": wa mbili, sura moja. Wa kwanza ni kijalizo, kwa kuwa muuzaji ametokana na kuuza na deni la kuuza amekuja nalo. Wa pili ni chagizo, unaeleza tu anapopatikana. Geuza mpangilio, "muuzaji wa Marikiti wa samaki", usikie linavyokwaruza. Mpangilio ndio kipimo chenu hapa. Msikimbilie kile cha kuweka kiwakilishi badala ya nomino, kinachosifiwa sana kwa Kiingereza, ambako kiwakilishi humeza nomino pamoja na kijalizo chake. Kwetu "muuzaji wa samaki na yule wa mboga" ni Kiswahili safi, ilhali kwa kipimo hicho ilipaswa kukwama. Ukikitumia kwenye mtihani bila kusema hivyo, umejichimbia shimo.

Kuna vitenzi vitakavyowagombanisha, na kufika ni kimojawapo. "Amefika" inasimama peke yake, kwa hiyo mwenzangu mmoja anashikilia kwamba mahali ni chagizo. Mimi nasema "Ali alifika Mtwapa na Asha akafanya hivyo Kilifi" hainiingii, na "Amefika" haina tofauti na "Ushakula?", mahali pameachwa kwa kuwa panajulikana. Tumebishana tangu steji hadi Feri na hatujamaliza. Swali la namna hiyo likija, usiandike jina la kirai na kuacha. Andika kipimo ulichotumia na sentensi uliyoipimia. Katika ile karatasi yangu ya alama 4, alama mbili nilizipata pale tu nilipoonyesha nilivyofikia jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na kosa.