Mng'ao kwenye picha ya mitetemo si gesi bado

Nikisema hapa Goma kwamba nafundisha vijana kusoma picha za mitetemo ya chini ya bahari, yaani picha zinazochorwa kwa mwangwi wa sauti iliyotumwa chini, jibu ni lile lile: "Mukubwa, si mututafutie basi ile gesi ya Kivu?" Ile haitafutwi. Inajulikana iko wapi: imeyeyuka kwenye maji ya chini kabisa, metani ya kilomita za ujazo zipatazo 60, na ng'ambo ya ziwa, Karongi nchini Rwanda, wanaivuta kwa mabomba na kuzalisha umeme. Ya kwetu hupimwa kwa kushusha vifaa majini. Mitetemo ni ya gesi iliyonaswa ndani ya miamba, kama ile ya bahari kuu ya Tanzania na Msumbiji iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010.

Unaweza kujifunza kazi hii hata ukiwa huku mbali na bahari. Tafuta data za F3, eneo la Uholanzi katika Bahari ya Kaskazini. Ni za bure, na OpendTect, programu ya kuzifungua na kuzisoma, ina toleo lisilolipiwa. Faili ni nzito, kwa hiyo pakua usiku na uombe umeme usikatike.

Ukifungua, macho yatakimbilia panapong'aa, yaani penye mwangwi mkali. Yazuie. Kwanza jua wima inapima nini: si mita, ni muda wa sauti kwenda na kurudi. Majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya picha ni mita 750 tu za maji. Kwenye mwamba mgumu ni zaidi sana.

Kisha uliza alama ya mwangwi, chanya au hasi, ambayo picha huionyesha kwa rangi. Sakafu ya bahari ni mpito kutoka kilaini kwenda kigumu. Mchanga wenye gesi kwa kawaida ni laini kuliko udongo unaoufunika, kwa hiyo kilele chake kinatakiwa kiwe na rangi iliyo kinyume na ya sakafu. Ikiwa rangi ni ile ile, huenda unatazama chokaa au mwamba wa volkano, na sisi wa Goma huo hatuhitaji kuutafuta baharini.

Ninachokipenda zaidi ni mstari bapa. Gesi hukaa juu, maji chini, na mpaka wao hulala hata tabaka zikiwa zimeinama. Ukiuona unakata tabaka zilizoinama, chukua daftari. Angalia pia chini yake: sauti hupunguza mwendo ikipita kwenye gesi, na tabaka zilizonyooka huonekana zimebonyea.

Hata hapo usimwahidi mtu kitu. Gesi kidogo sana iliyochanganyika na maji hung'aa karibu sawa na hifadhi iliyojaa, na makampuni makubwa yamechimba visima vya mamilioni ya dola juu ya mng'ao wa namna hiyo. Kwenye ripoti andika "huenda", kisha taja kisima cha karibu kilichopita kwenye tabaka hilo.