Umbali wa angani: kwa wanaoanza kupanga safari za ndege

Kabla ya kugusa kikokotoo, tafuta tufe na uzi. Bana ncha moja ya uzi Tokyo, nyingine New York, kisha vuta mpaka ukaze. Utauona unapanda kaskazini na kupita Alaska. Ramani ya ukutani hukudanganya kwamba njia fupi ni kuikata Pasifiki moja kwa moja kuelekea mashariki. Ukiifuata utakwenda karibu kilomita 12,800, ilhali uzi unakupa kama 10,850. Njia hiyo ya uzi ndiyo duara kubwa, na ndiyo maana abiria wa London kwenda Los Angeles mara nyingi huiona barafu ya Greenland dirishani. Mimi nilikariri kwanza kanuni ya kukokotoa umbali kwa latitudo na longitudo za miji, uzi nikauvuta baadaye sana. Nawaomba msifuate mpangilio huo.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa la alama moja tu. Longitudo za magharibi huandikwa na alama ya kutoa: New York ni −74. Niliisahau, nikaipeleka New York Asia ya Kati, ndani ya Kirgizia. Nilijaribu hesabu kwa London, jibu likaja kama 5,550, sawa kabisa na vitabu, nikatulia. Kumbe London iko karibu na longitudo sifuri, kwa hiyo ukikosea upande, umbali haubadiliki sana. Nilipoweka Tokyo, umbali ukatoka karibu nusu ya ule wa kweli. Tangu hapo sikubali hesabu iliyojaribiwa kwa mji mmoja tu.

Angalia vipimo pia. Maili ya baharini, wanayotumia marubani, ni kilomita 1.852, maili ya nchi kavu ni 1.609. Ukizichanganya katika safari ya London na New York, unapoteza zaidi ya kilomita 700.

Sasa jambo ambalo abiria atakuuliza kweli: saa ngapi? Hapo usigawanye umbali kwa mwendo ukaishia hapo. Kati ya London na New York umbali ni uleule kwenda na kurudi, lakini kwenda magharibi huchukua kama saa nane, na kurudi kama saa saba au pungufu, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Siasa nazo hurefusha njia. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa tisa na nusu hivi. Urusi ilipofunga anga lake kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, ikawa kama saa 13. Miji haikusogea hata hatua moja.

Kwa hiyo mimi huandika safu mbili kwenye karatasi ya safari: umbali wa duara kubwa, na muda ulio kwenye ratiba ya sasa. Abiria namsomea ya pili.