Nusura awe jirani yetu Uasin Gishu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni nani ambaye hakuwahi kukanyaga kwenu, lakini nusura ageuze historia ya kwenu? Mimi ni mkazi wa Eldoret, kwa hiyo sikuhitaji kukuna kichwa. Ni Theodor Herzl.

Huyu alizaliwa Pest, Hungaria, mwaka 1860, akasomea sheria Vienna, akaishia kuwa mwandishi wa gazeti na mtunzi wa tamthilia. Dini haikumshika sana, na Kiebrania hakukizungumza. Januari 1895 alikuwa Paris akiliandikia gazeti la Neue Freie Presse, Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi aliyesingiziwa usaliti, alipovuliwa vyeo mbele ya kadamnasi. Mwaka uliofuata Herzl akatoa kijitabu cha kudai dola la Wayahudi, na Agosti 1897 akawakusanya wajumbe Basel, Uswisi, katika mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni, yaani watu waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao. Hayo yanajulikana. Mimi kinachonivuta ni mwaka 1903.

Aprili mwaka huo Wayahudi karibu 50 waliuawa Kishinev, katika himaya ya Urusi. Herzl alikuwa amekwisha kubisha hodi kila mahali: kwa Sultani wa Uturuki, kwa Kaisari wa Ujerumani, na mpango wa El Arish kule Sinai ulikuwa unakwama kwa sababu ya maji. Hapo ndipo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipomtajia Afrika Mashariki. Chamberlain alikuwa amepita huku mwishoni mwa 1902, akapanda treni ya reli ile iliyokula mamilioni na kukosa mizigo ya kubeba, akaona nyanda za juu zenye baridi, akawaza kwamba hapa pangemfaa Daktari Herzl. Agosti 1903 barua rasmi ikatoka London. Watu hadi leo huuita mpango wa Uganda, ingawa ardhi iliyokuja kukaguliwa ni hii ya Uasin Gishu, maili za mraba zipatazo 5,000. Sehemu hii ilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902, na jina likaganda.

Herzl alipoupeleka mpango huo kwenye mkutano mkuu wa Wazayuni, Basel, mwezi huohuo, ukumbi uligawanyika. Kilichopigiwa kura kilikuwa kutuma tume ya kuja kuangalia tu, wala si kuhama. Wajumbe 295 walikubali. Waliopinga hawakufika 180. Lakini waliopinga wengi walikuwa Wayahudi wa Urusi, yaani wale hasa waliokuwa wanatafutiwa pa kukimbilia. Walitoka nje, wengine wakaketi sakafuni wakilia kama wanavyolia siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Hata wajumbe wa Kishinev walikataa. Herzl alishangaa: kamba iko shingoni mwao, na bado hawataki! Kabla ya kufunga mkutano ilimbidi ainue mkono na kuapa, kwa Kiebrania cha kukariri, maneno ya Zaburi: nikikusahau, Ee Yerusalemu, mkono wangu wa kuume na usahau.

Na mnajua nani aliunga mkono mpango wa huku kwetu? Eliezer Ben-Yehuda, mtu aliyehamia Yerusalemu mwaka 1881 na kumlea mwanawe kwa Kiebrania kitupu ili lugha ya vitabuni irudi kuwa ya nyumbani. Mtu huyo! Nikiwa mpenzi wa Kiswahili, kila nikipita mashamba ya ngano hujiuliza kamusi yake ya Kiebrania ingeandikiwa wapi.

Desemba 1903, huko Paris, kijana mmoja alimfyatulia risasi Max Nordau, msaidizi mkuu wa Herzl, akimwita Mwafrika Mashariki. Alimkosa. Sijasikia tusi jingine la jina letu lililotumika kwa mzaliwa wa Hungaria.

Herzl alifariki Julai 1904, moyo umechoka, umri miaka 44. Tume ya watu watatu ilifika huku mwanzoni mwa 1905, na mkutano wa mwaka huo ukaukataa mpango kabisa. Israel Zangwill, mwandishi wa London, akajitenga na kuanzisha chama chake cha kutafuta ardhi popote itakapopatikana. Walowezi wa Nairobi, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamepiga kelele tangu mwanzo kwamba hawataki Wayahudi.

Katika kelele zote hizo, sioni mahali ambapo Wanandi waliulizwa. Ardhi iliitwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wanandi, na kabla yao walilishia mifugo hapo Wamasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo tunaloliandika kwenye bahasha. Oktoba 1905, miezi michache baada ya Basel kusema hapana, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa risasi alipokuja kwenye mazungumzo ya amani. Ofisa aliyehusika, Richard Meinertzhagen, baadaye alipelekwa Palestina na serikali yake na akawa mtetezi mkubwa wa Uzayuni. Hapo mimi huwa nafunga kitabu kwanza, nachemsha chai.

Familia ya Herzl nayo haikupona. Bintiye mkubwa, Pauline, alifariki mwaka 1930, na mwanawe Hans akajiua mara baada ya hapo. Trude, kitindamimba, alifia kambi ya Theresienstadt mwaka 1943. Mifupa ya baba ilihamishiwa Yerusalemu mwaka 1949. Ya Pauline na Hans ilisubiri hadi 2006.

Na Uasin Gishu? Mwaka 1908 Makaburu walipanda huku na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa ardhi ileile. Mji wetu uliota kwenye shamba namba 64. Wazee waliitamka namba hiyo ya Kiingereza, sixty-four, walivyoweza, ndiyo maana hadi leo utasikia mtu akisema anaenda Sisibo.