Kabla Hujaandika Derivativi ya Oda 0.63, Chora Ngazi Kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe wa mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili: "Kaka, habari za kazi. Nimepewa mlinganyo wa diferensha juu ya seti ya Cantor. Nimetumia derivativi ya Caputo ya oda 0.63 kwa sababu ndiyo dimensheni ya seti, na jibu nimelipata. Sasa msimamizi anauliza kwa nini dimensheni ya seti iwe oda ya derivativi. Sina la kumjibu."

Swali hilo nalijua vizuri. Niliulizwa mimi pia, mbele ya watu, na aliyeuliza hakuwa na haja ya jibu. Alisema kalkulasi ya sehemu, ile yenye derivativi za oda isiyo namba kamili kama ya Caputo, ni mapambo, nitafute mada yenye faida, kisha akafunga faili langu na kumwita mwenzangu. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Lakini mwezi uliopita tasnifu yangu imepita, na sura waliyoisifu watahini ni ileile niliyoambiwa niifute. Nashukuru, na sioni haya kusema kwamba nilistahili.

Sasa, mdogo wangu, weka kompyuta pembeni. Chora mstari kutoka 0 hadi 1, ondoa theluthi ya katikati, halafu ondoa theluthi ya katikati ya kila kipande kilichosalia, na uendelee hivyo bila kikomo. Kinachobaki ndiyo seti ya Cantor: ina nukta zisizohesabika lakini urefu wake ni sifuri. Derivativi ya kawaida hugawa badiliko la y kwa badiliko la x, na hapo karibu x yote imeshakatwa. Kwa hiyo usigawe kwa x. Gawa kwa kiasi cha seti ulichokwisha kukipita. Kiasi hicho tukiite S(x), seti nzima ikihesabiwa 1: hupanda penye nukta za seti tu, na penye pengo hulala. Kuanzia 1/3 hadi 2/3 kinakaa 1/2 bila kutikisika. Hiyo ndiyo ngazi. Abhay Parvate na Anil Gangal, wa Pune, India, walijenga kalkulasi nzima juu yake, na makala yao ya 2009 ndiyo ningetaka uanze nayo.

Chukua mlinganyo mwepesi kuliko yote: derivativi ya y kwa kufuata ngazi ni sawa na −y, na y inaanzia 1. Jibu ni e kwa kipeo cha −S(x). Katika pengo la katikati y inabaki karibu 0.607 mwanzo hadi mwisho, na ukifika 1 ni 0.368. Sasa tatua mlinganyo unaofanana na huo kwa Caputo ya oda 0.63. Unapata fanksheni ya Mittag-Leffler, inayoshika nafasi ya e kwenye derivativi za sehemu, nyororo, inayoshuka hata mahali ambapo seti haipo! Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa. Anayekwambia ni kitu kimoja hajayachora kwenye grafu moja.

Uhusiano wao upo, ila ni wa ukubwa, si wa umbo. Ukigawa x kwa 3, S inagawanyika kwa 2. Fanksheni nyororo yenye tabia hiyo ni x kwa kipeo cha ln 2 / ln 3, yaani 0.6309, na hiyo ndiyo dimensheni ya seti. Ngazi inapanda chini ya mkunjo huo, ikiugusa tena na tena, bila kuuacha mbali. Derivativi ya oda 0.63 inakushikia mwendo wa jumla, na mapengo inayafuta. Mjibu msimamizi hivyo, kwa utulivu, na grafu mkononi.

Pia jiulize fraktali, yaani umbo linalojirudia ndani yake kwa udogo zaidi na zaidi kama seti ya Cantor, iko wapi: kwenye nafasi au kwenye wakati? Katika pembetatu ya Sierpiński, ile inayoondolewa pembetatu ya katikati tena na tena, dimensheni ni ln 3 / ln 2, kama 1.585, na wengi huichukua hiyo wakaiingiza kwenye mlinganyo wa mtawanyiko. Hapo namba inayohitajika ni nyingine. Chembe inayotangatanga humo, ukiongeza ukubwa wa pembetatu mara 2, muda wa kuivuka unaongezeka mara 5, wakati kwenye uwanja wa kawaida ungeongezeka mara 4. Kutokana na 5 hiyo, wastani wa mraba wa umbali unakua kama wakati kwa kipeo cha 2 ln 2 / ln 5, karibu 0.86. Ukitaka derivativi ya sehemu kwenye wakati, oda yake ni hiyo 0.86. Nimeona makala zenye milinganyo ya kupendeza zikianguka hapa, kwa sababu mwandishi hakujiuliza namba yake imetoka wapi.

Vijana tunapenda njia ya mkato. Programu inatoa mkunjo, tunaubandika, tunasubiri digrii. Acheni! Fanyeni kwa mkono kwanza, hata kama mnachekwa, hata kama anayewacheka ana ofisi kubwa.

Ukimaliza mlinganyo huo wa kwanza, mdogo wangu, chukua wa oda ya pili: derivativi mbili kwa kufuata ngazi ni sawa na −y, y inaanzia 0, na derivativi ya kwanza pale 0 ni 1. Jibu ni sin S(x), yaani sin ile ya trigonometria. Lichore lote, na mapengo yake, ndipo urudi kwa msimamizi.