Ripoti ya kikundi isipotee ndani ya WhatsApp

Ndugu, umeuliza namna kikundi chenu cha wanafunzi watano, waliotawanyika kati ya Mwanza, Mtwara na Muscat, kinavyoweza kuandika ripoti moja bila rasimu kupotea katika mazungumzo ya WhatsApp. Kwa maoni yangu, tatizo lenu kubwa ni kutumiana mafaili, kwa sababu kila anayepakua na kurekebisha huzalisha nakala nyingine, na baada ya siku chache hakuna anayejua iliyo sahihi.

Wekeni ripoti katika Google Docs, ambako wote mtaandika kwenye waraka uleule, na historia ya matoleo itaonyesha nani alibadilisha nini na lini, hata aya iliyofutwa kwa bahati mbaya iweze kurudishwa. Mwenzenu ambaye mtandao wake hukatika aandae waraka huo utumike nje ya mtandao mapema, angali ana intaneti.

WhatsApp ibaki ya kukumbushana tu. Mikutano ya video ifanyeni michache, kwani inakula bando, na mkumbuke kuwa saa 2 usiku ya Mwanza ni saa 3 Muscat. Nawasihi pia msimhukumu mwenzenu aliye kimya kabla hamjampigia simu.